Boti Iliyotupungia Mkono

Walipita saa sita na robo mchana. Muda naukumbuka kwa sababu mama mdogo alikuwa ameniuliza saa kwa mara ya nne au ya tano, amesimama kwenye mlango wa banda la jikoni, mwiko mkononi. Boti ilitokea kaskazini, upande wa Gombe, hifadhi ya sokwe iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, nyeupe, turubai la bluu juu, injini ikilia sawasawa kama cherehani iliyotiwa mafuta. Mimi ni fundi wa injini za boti, siwezi kusikia mlio nisiupime. Ile ilikuwa Yamaha ya farasi 40 na mwenye nayo anaijali. Ndani walikaa wageni kumi na wawili. Walipita karibu kiasi kwamba niliona mmoja wao, mama mtu mzima mwenye kofia pana, ameshika ganda la ndizi hajui alitupe wapi.

Watoto wetu wakaingia majini mpaka magotini wakipiga kelele. Wageni wakageuka wote, wakacheka, wakatupungia mkono. Na sisi tukapunga. Boti ikashika njia ya Kigoma mjini.

Nyuma yetu kulikuwa na migebuka ishirini na nne, samaki wetu wa ziwani, wawili kwa kila mgeni, iliyokaangwa kwa mawese mpaka mikia ikawa inavunjika ukiigusa. Ugali wa muhogo ulikwishasongwa. Kisamvu kilipikwa tangu alfajiri. Wanawake saba wa kikundi walikuwa wamevaa kanga za sare walizokopea kwenye kikoba, na vikapu vyao wamevipanga juu ya mkeka, vikubwa nyuma, vidogo mbele. Mzee wetu wa ngoma aliamka na homa siku ile akaja hivyohivyo, maana aliahidi.

Nikapanda kichuguu nyuma ya shule, mahali pekee ambapo simu yangu hushika mtandao, nikaipigia kampuni ya utalii iliyoahidi kutuletea wageni hao. Sitaitaja. Dada aliyepokea akanijibu kwa upole: ndege ya wageni imewahishwa, ratiba imebadilika, tulikutumia ujumbe. Nikamwambia hakuna ujumbe. Na kweli ujumbe uliingia, saa kumi na moja jioni, watoto wa kijiji kizima wakiwa wamekwishakula migebuka na kulamba sufuria.

Nilipoteremka mama mdogo alikuwa bado anaangalia ziwani.

"Mwanangu," akaniambia, "kwani watu hawa hawasikii njaa?"

Hiyo ilikuwa 2019. Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuuliza maswali kuhusu utalii, mimi ambaye kazi yangu ni plagi na kabureta. Nimekwenda kwenye semina, zile za soda na bahasha, nikasikia neno "endelevu" likitamkwa hadi likaisha ladha. Nilichojifunza kwa uhakika nimekipata kwa nahodha mmoja, kwa choo kimoja kilicholiwa na ziwa, na kwa mama mdogo.

Ukitaka kujua kwa nini walipita, fuata siku ya mgeni wa Gombe. Anashuka uwanja wa ndege, gari linamfikisha ufukweni, anapanda boti ya kukodi. Hifadhi iko kilomita kama 16 kaskazini mwa mji na haina barabara. Njia ni ziwa. Sisi wengine tunatumia maboti ya abiria yanayotoka Kibirizi, yale ya magunia, kuku na watoto, yanayogusa kila kijiji. Yeye anakwenda moja kwa moja. Anafika Kasekela, kituo cha hifadhi, analipa kiingilio ambacho kwa mtu wa nje ni kama dola 100 kwa siku, anapewa mwongozaji, anapanda mlima, anakaa na sokwe saa moja. Anashuka. Chakula cha mchana anacho kwenye boksi lililofungwa hotelini mjini: yai la kuchemsha, mkate, ndizi mbivu, juisi ya pakiti. Kesho yake yuko angani.

Ndizi ya yule mama mwenye kofia bila shaka ilinunuliwa sokoni Mwanga. Huenda ilitoka kijijini kwetu juzi yake, kwa boti ya abiria, kwenye mkungu wa bei ya kutupa.

Sisemi pesa ya hifadhi haiwafikii wananchi kabisa. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wana mpango wao wa ujirani mwema, na yapo madarasa na zahanati zilizojengwa kwa mkono huo. Lakini darasa ni la kijiji chote. Mama anayekaanga samaki hapati shilingi mkononi mwake kwa kuwa darasa limeezekwa, na huyo ndiye mwanawe anatumwa kuni mlimani.

Na hawa watu wanaopitwa na boti si wageni kwa sokwe. Jambo hili hunichoma nikisoma vibao na vipeperushi. Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall, Mwingereza mtafiti wa sokwe, alifika Gombe akiwa na miaka 26. Hakufika peke yake: wakubwa wa serikali ya kikoloni walikataa binti wa Kizungu kukaa porini bila mwenzake, basi akaja na mama yake mzazi, Vanne. Mtu akinisimulia habari za Gombe akamruka Vanne, najua hajaishi kijijini. Bibi yule alifungua kijizahanati chini ya kibanda cha nyasi, akawa anawagawia wavuvi dawa za kichwa na kuwaosha vidonda. Binti yuko mlimani na darubini, sokwe wanamkimbia. Mama yuko ufukweni anafunga bandeji, na watu wanaanza kumsalimia. Ujirani ulianzia pale, kwa aspirini, miaka minane kabla Gombe haijawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968.

Kisha wakaja vijana wa huku. Januari 1974, wakati sokwe wa kundi la Kasekela walipoanza kuwaua wale waliojitenga nao upande wa kusini, vita vilivyoendelea miaka minne na kuushangaza ulimwengu wa sayansi, aliyeona shambulio la kwanza ni Hilali Matama, mfanyakazi wa utafiti, Mtanzania. Mwaka uliofuata, Mei 1975, watu wenye silaha walivuka ziwa usiku kutoka Zaire wakateka wanafunzi wanne wa kigeni. Waliachiwa baadaye, lakini watafiti wa nje waliondoka. Nani alibaki akipanda mlima kila asubuhi na daftari? Ni hao wa vijiji vya ziwani, ambao wengi elimu yao ilikuwa ya msingi. Ni kwa sababu yao kumbukumbu za Gombe hazikukatika. Jane Goodall alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025, dunia nzima ililia kwenye mitandao, na ilistahili. Kwetu kuna wazee waliokaa kimya siku hiyo kwenye vibaraza vyao, na hakuna mwandishi aliyepanda boti ya abiria kwenda kuwauliza.

Nirudi kwa nahodha. Miezi kadhaa baada ya yale ya migebuka, ile Yamaha ya farasi 40 ililetwa kwangu Kibirizi, imekula mchanga kwenye pampu ya maji. Aliyeileta ndiye aliyeiendesha siku ile. Nikaifungua pole pole makusudi, ili tupate muda wa kuongea. Nikamuuliza: kaka, siku ile ungesimama dakika ishirini tu, ungepungukiwa nini? Petroli ni ileile, kijiji kiko njiani.

Akacheka kidogo, akasema, "Fundi, nikwambie ukweli usikasirike? Wale wageni walikuwa wametoka Kasekela tangu saa tatu. Kina mama wawili walikwishaniuliza choo. Kwenu ningewaonyesha choo gani?"

Sikuwa na jibu. Cha nyumbani kwa mama mdogo kilikuwa shimo lenye magogo mawili na pazia la gunia. Cha shule sikisemi. Ndege iliwahishwa kweli, lakini hata isingewahishwa, nahodha alikuwa na sababu yake, na ilikuwa ya haki. Sisi tulikuwa tumenunua kanga za sare.

Kwa hiyo 2020, mwaka ambao mipaka ilifungwa kwa korona na hakuna mgeni aliyetarajiwa, kikundi kilijenga choo. Tofali za kuchoma, bati, sinki la kuchuchumaa, ndoo ya maji yenye koki, sabuni. Tulikijenga karibu na mchanga ili mgeni asitembee mbali. Wazee wakasema ziwa huwa linarudi kudai mahali pake. Tukawasikiliza kwa heshima, tukamwaga zege. Mwaka uliofuata Tanganyika ilipanda, iliingia bandarini Kigoma, iliingia kwenye nyumba za watu pwani yote mpaka Bujumbura, na choo chetu kikabaki kama kisiwa. Mvuvi mmoja akawa anafunga mtumbwi wake kwenye mlango. Picha ninayo kwenye simu, huwa naitazama nikijiona mjanja.

Cha pili tulikijenga juu, karibu na mwembe, mahali wazee walipotuonyesha tangu mwanzo.

Kuna jambo ambalo wapangaji wa utalii wanalipita haraka mno. Gombe haiwezi kukuza idadi. Hifadhi yenyewe ni ukanda mwembamba kati ya ziwa na kilele cha mlima, kama kilomita za mraba 50 na kitu. Sokwe wake ni kama mia. Na sokwe wanaugua magonjwa tunayougua sisi. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza, unaofanana na polio, uliwalemaza na kuwaua kadhaa. 1987 na 1996 mafua makali ya kifua yakapita tena. Mgeni mwenye kikohozi anaweza kufanya kazi ambayo jangili hajaiweza. Ndiyo maana wageni wanapelekwa kwa vikundi vidogo, wanavaa barakoa, wanakaa mbali, saa moja ikiisha wanaondolewa, na watoto wadogo hawaruhusiwi. Mtu anayesimama jukwaani akasema tutaongeza watalii wa sokwe mara tano ama hajui anachosema, ama anajua na hajali.

Sasa kama huwezi kuongeza watu, utaongeza nini? Usiku. Mgeni yuleyule, ambaye amekwishalipa ndege na boti, alale usiku mmoja zaidi huku, nje ya hifadhi, mahali ambapo sokwe hawamhitaji naye hawahitaji. Hesabu yangu yote ya utalii ni hiyo, na nimeifanya kwa kalamu ya gereji. Boti moja ikisimama usiku mmoja, kuna mtu amelaza, kuna mtu amepika, kuna aliyevua, kuna aliyebeba mzigo kutoka mchangani.

Wageni wetu wa kwanza hawakutoka Ulaya. Walikuwa nesi wa Mwanza na mume wake, waliokuja Kigoma kwenye harusi ya ndugu, wakasikia habari zetu kwa mteja wangu. Mama mdogo alikata tamaa alipowaona. "Mbona ni Waswahili kama sisi?" akaninong'oneza. Nikamwambia, shilingi zao zinapokelewa dukani.

Mume alianza ubishi kabla hajakaa. Kwamba sangara na sato wa Ziwa Victoria hawana mpinzani. Tukamwekea mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo. Akala kimya. Akaomba wa pili, akasema huyu si mbaya, mke wake akamwambia sema ukweli mbele za watu.

Usiku ule ulikuwa wa giza, mwezi haupo, na kwetu giza ndilo msimu: mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawafuati taa na wavuvi hulala. Tukawapeleka nje na kipe. Kwa asiyejua, kipe ni vyombo viwili vilivyofungwa pamoja, wavu unateremshwa katikati yake, taa zinaning'inia juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, zikivuma usiku kucha. Sasa ni balbu za betri. Unasubiri. Ziwa chini yako linashuka zaidi ya mita 1,400 mahali penye kina kikubwa, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, na jambo hilo ukilijua usiku ukiwa juu ya ubao hulifurahii. Kisha maji yanaanza kumetameta, kwanza kama mtu amemwaga punje za chumvi, halafu yanachemka kabisa. Wavu unavutwa kwa wimbo. Dagaa wanaingia kwenye chombo kwa sauti ya mvua inayoanza kwenye bati. Nesi alikaa kimya muda mrefu, kisha akageuka kutazama ufukwe, na huko mbali taa za vipe vingine zilikuwa zimejipanga kama mji. Akauliza ule ni mji gani. Tukamwambia huo hautauona asubuhi.

Asubuhi walisaidia kuanika dagaa kwenye vichanja. Wakalipa shilingi 60,000 kila mmoja, kila kitu ndani. Wakanunua dagaa kilo nne na kikapu kimoja. Kikapu kidogo.

Basi, ugomvi ukaanza wiki hiyohiyo.

Kijiji chetu kina watu wa chini na watu wa juu. Wa chini ni wavuvi na wachuuzi. Wa juu wana mashamba kwenye miteremko, muhogo, michikichi, maharage, na nyani wanashuka kutoka msituni wanang'oa muhogo mchanga kama wameajiriwa. Kwenye mkutano wa kijiji baba mkubwa mmoja wa juu alisimama, akavua kofia, akasema: "Ninyi wa chini mmepata wageni. Sisi wa juu tumepata nyani. Na wote wametoka msitu mmoja." Akakaa. Hakuna aliyecheka, maana alisema kweli.

Inabidi nieleze kuhusu msitu huo. Nikiwa mdogo vilima vyetu vilikuwa vipara. Wakimbizi walikuwa wamekuja kwa wingi mkoani, watu tuliongezeka, kuni na mashamba vikapanda mpaka kwenye miamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Goodall aliruka kwa ndege ndogo juu ya Gombe akaona hifadhi imebaki kijani katikati ya milima mikavu. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha mradi wa kurudisha miti uitwao TACARE, kwa vijiji 12. Walikuja na miche. Wakakuta watu wanataka kwanza maji safi, zahanati na mikopo ya akina mama. Sifa yao kubwa machoni pangu ni kwamba walisikiliza, wakabadilisha mpangilio wa kazi. Baadaye yakaja mambo ya mpango wa matumizi bora ya ardhi na misitu ya hifadhi ya kijiji. Nakumbuka siku walipotandika picha za setilaiti juu ya meza za shule. Mzee mmoja aliyekuwa haoni vizuri aliwekewa kidole kwenye picha, akauliza maswali mawili, kisha akasema, "Huu ni mwembe wa mama yangu." Ulikuwa ndio wenyewe, kijidoti cheusi. Kuanzia hapo mkutano ukawa wake.

Nyumbani kwetu tuliachia shamba la juu, robo tatu ya eka, liingie kwenye msitu wa kijiji. Baba alinuna mwaka mzima. Sasa hivi pale pana miti ya miombo mirefu kuliko nyumba, na kijito cha nyuma ya shule, ambacho mvua za masika zilikuwa zinakigeuza mto wa matope na mawe, kimetulia. Sisemi kila kilima kimepona. Ukipita kwa boti utaviona vyenye makovu hadi leo. Na sehemu kubwa ya sokwe wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi za taifa, kwenye misitu kama Masito na Ugalla, kwa hiyo uhai wao uko mikononi mwa vijiji, kwenye mihtasari ya mikutano inayotunzwa na watendaji ndani ya makabati yasiyofunga.

Ndiyo maana hoja ya baba mkubwa ilikuwa nzito. Watu wa juu ndio walioachia ardhi. Watu wa chini ndio wenye ufukwe wa kupokea boti.

Tulibishana jioni tatu. Tukafikia hivi: pesa ya kila mgeni inaandikwa kwenye daftari, nakala inabandikwa ukutani kwa mtendaji. Fungu la kwanza ni la mwenye nyumba na mpishi. La pili ni la nahodha na kipe. La tatu linakwenda kwa waangalizi wa msitu wa kijiji, wale vijana wanaozunguka na kuandika wapi mti umekatwa, wapi moto umepita. Na mgeni akikubali kutembea, siku ya pili anapanda juu, kwa watu wa mawese, na huko analipa hukohuko.

Hiyo ya mawese ndiyo iliyogeuka kuwa kivutio kuliko ngoma. Sikutegemea. Ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zinachemshwa kwenye pipa tangu usiku, zinamwagwa kwenye kinu cha chuma chenye mti mrefu wa kuzungusha, na watu wawili wanatembea duara wakiusukuma, wakipiga soga. Mafuta yanatoka mekundu, mazito, yana harufu ambayo mtu wa Kigoma akiisikia Dar es Salaam anasimama. Mgeni anapewa mti asukume. Raundi tano za mwanzo anacheka, ya sita anaacha kucheka. Kisha anaonyeshwa kokwa, anaambiwa hizi ndizo zinatoa mafuta ya mise, ya sabuni, na makapi yanawasha moto wa kesho. Bibi mwenye kinu ana kawaida ya kumpaka mgeni mafuta kidogo kwenye mkono, bila kumuuliza. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Ngoma tuliipunguza. Mzee mwenyewe ndiye aliyeomba. Alisema ngoma ya harusi anaijua, ngoma ya mavuno anaijua, hii ya kuwasubiri watu saa tatu juani haijui. Sasa mgeni akikuta shughuli anaikuta, asipoikuta basi.

Yapo mambo bado yananikera. La kwanza ni kibali. Kufanya biashara ya kutembeza watalii kunahitaji leseni ya TALA, na kikundi cha akina mama wa kanga hakiwezi kuwa wakala, kwa hiyo tunategemea kampuni yenye leseni ituletee watu. Mwenye boti ndiye mwenye bei. Tumebadilisha kampuni mara mbili. Jingine ni kahawa. Milima ya Kalinzi, humuhumu Kigoma, inalima kahawa ya arabika inayosafirishwa nje ya nchi, halafu mgeni anayelala mjini anapewa maji ya moto na kahawa ya unga ya kopo. Nilimuuliza mhudumu wa hoteli moja kwa nini. Akanijibu kwamba wazungu wameizoea.

Na Ujiji wanapewa dakika ishirini. Wanapigwa picha kwenye mnara wa Livingstone, pale alipokutana na Stanley mwaka 1871, chini ya miembe inayosemekana ni wajukuu wa ule wa zamani, wanarudi garini. Njia yote ya misafara kutoka Bagamoyo kupita Tabora inaishia hapo, watu waliofungwa minyororo walipita hapo, na vitukuu vya waliobaki wanauza maandazi mtaa wa pili. Dakika ishirini!

Nisije nikawauzia ndoto. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Nilikubaliana nao, dagaa walikuwa wamepungua na kila mvuvi anajua. Miezi hiyo tulipata wageni tisa. Tisa hawalishi kijiji chenye kaya mia kadhaa. Tuliwapa maharage na kisamvu, tukawapandisha kwenye mawese, usiku tukakaa nao ufukweni tukiangalia ziwa lisilo na taa hata moja, jambo ambalo mimi sijapata kuliona tangu nizaliwe. Pesa yao ililipa sare za shule za watoto wanane na gunia la sementi. Ziwa ndilo linalotulisha. Wageni wanaongeza chumvi.

Ila kuna kitu kimoja nimekiona kikibadilika, nacho kidogo. Zamani kijana aliyemaliza darasa la saba asifaulu alikuwa na njia mbili: kipe au mkaa. Sasa wapo wawili ambao ni waangalizi wa msitu na wanajua majina ya ndege kwa Kiha, Kiswahili na Kilatini, na jioni mnawasikia wakibishana kuhusu mdomo wa ndege fulani mpaka baba mkubwa awaambie wakalale. Mmoja wao ni mjukuu wa mzee aliyefanya kazi Kasekela miaka ya 1970. Anatumia darubini ya babu yake, jicho moja limepasuka.

Mwezi uliopita nilikuwa kijijini Jumamosi, nimekwenda kumfungia mtu propela. Saa sita hivi nikasikia injini kutoka kaskazini, Yamaha ya farasi 40, imetunzwa, ila pampu ya maji imeanza tena. Nikainua kichwa. Mama mdogo alikwishatoka jikoni, amesimama, mkono juu ya macho. Boti ikapunguza mwendo. Ikageuza pua. Nahodha akazima injini mbali kidogo na mchanga, akapaza sauti:

"Shikamoo mama! Migebuka ipo?"

"Marahaba. Ipo ya watu wanne. Mko wangapi?"

"Tisa!"

Mama mdogo akageuka kuangalia jikoni, akafikiri kidogo.

"Basi watano watakula dagaa," akasema. "Waambie choo kiko kule kwenye mwembe."